Maswali ya Wasomaji: Mikwaruzo Myembamba Kwenye Gari Jeusi

Barua nne nilizozichagua mwezi huu zimetoka Mombasa, na zote zinahusu magari meusi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu aliyeielewa hiyo atakuwa ameshapata nusu ya majibu ya zile tatu zinazofuata.

Swali

Bwana Mhariri, mimi ni karani mstaafu, mkazi wa Tudor. Mwaka jana nilinunua gari dogo jeusi lililokuwa limetumika Japani na likashushwa hapa hapa bandarini Kilindini. Alfajiri nikilimwagia maji hung'aa kama kioo, lakini likipigwa na jua la saa nne pale Mama Ngina naliona limejaa duara za nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na kila nikisogea duara hizo zinasogea nami. Jirani ananishauri nilisugue kwa dawa ya meno, fundi mmoja anasema lipulizwe rangi upya, na shemeji yangu anasema nilipake mafuta ya nazi. Mwezi wa Desemba gari hili litambeba binti yangu siku ya harusi yake. Je, mikwaruzo hii yaweza kuondoka, na kazi hiyo naiweza mwenyewe nyumbani kwa mikono? – Msomaji wa Tudor

Jibu

Mzee wangu, kwanza nikutoe hofu: kwa jinsi ulivyoieleza mikwaruzo hiyo, gari lako halihitaji kupulizwa rangi upya, na huyo aliyekuambia hivyo usimpe kazi. Rangi iliyopigwa kiwandani na kukaushwa katika tanuri ni vigumu mno kuipata tena gereji, na mtu haiachi ila kwa sababu kubwa.

Barua yako imebeba jibu lake ndani yake, kwani umesema mwenyewe kwamba gari likilowa mikwaruzo haionekani. Mkwaruzo mwembamba ni mfereji mdogo uliochimbwa juu ya vanishi, lile tabaka la juu kabisa linaloifunika rangi, na kingo za mfereji huo hurudisha mwanga upande usiotarajiwa, ndipo jicho likaona mstari mweupe. Hewa iliyomo ndani ya mfereji na vanishi iliyouzunguka hazipindi mwanga kwa kiasi kimoja: kipimo cha hewa ni 1, cha maji ni 1.33, na cha vanishi ya gari hukaribia 1.5. Maji yakijaa humo, tofauti hupungua na kingo hupotea machoni, kisha maji yakikauka mkwaruzo hurudi ulipokuwa. Mafuta ya nazi, ambayo kipimo chake ni karibu 1.45, huficha hata kuliko maji, kwa hiyo shemeji yako hakudanganya kuhusu alichokiona. Lakini mafuta hayakuondoa kitu. Yamefunika tu, na kabla ya adhuhuri yatakuwa yamenasa vumbi la barabara nzima, na atakayelifuta vumbi hilo atachimba mikwaruzo mingine juu ya ile ile.

Nazo duara zinazokufuata hazipo kwenye gari. Mikwaruzo yako imelala kila upande bila mpango wowote, ila ule uliokaa mkingamo mbele ya mwanga ndio unaourudisha machoni pako, na iliyobaki inanyamaza. Basi kuzunguka taswira ya jua kwenye boneti unaona vipande vidogo vidogo ambavyo kwa pamoja vinafanya duara, na ukihama hatua mbili unawaka mkusanyiko mwingine. Gari jeupe la jirani yako lina mikwaruzo mingi vivyo hivyo, isipokuwa mstari mweupe juu ya weupe hauna pa kuonekania.

Sasa twende kwenye jambo ambalo ningependa kila mwenye gari jeusi alijue kabla hajanunua chupa yoyote. Juu ya bati la gari lako kuna praima, yaani rangi ya msingi, juu ya praima kuna rangi nyeusi yenyewe, na juu ya rangi kuna vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi wetu huiita klia. Vanishi hiyo kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hivi, pengine 50, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Unywele wa kichwani kwako una mikroni kati ya 50 na 100. Katika unene huo mdogo ndimo mlimo kinga yote ya rangi dhidi ya jua letu la pwani. Kupiga polishi ni kuushusha uso wa vanishi mpaka ulingane na chini ya mfereji, kwa hiyo kila polishi ni kutoa, na hakuna polishi iliyowahi kuongeza kitu. Vanishi ni akiba uliyokabidhiwa mara moja siku gari lilipotoka kiwandani. Fundi mwangalifu hutoa mikroni 1 hadi 3 kwa kazi moja, na hapendi kupita 8 au 10 kwa maisha yote ya gari. Tazama mapaa ya magari ya zamani yanayosimama pale Mwembe Tayari, yale ambayo vanishi yake imefanya mabaka meupe na kubanduka kama gamba la nyoka, uone mwisho wa akiba iliyokwisha.

Kwako wewe kuna la ziada. Gari lililotumika hupigwa polishi mara nyingi kabla ya kuuzwa ili lipendeze machoni pa mnunuzi, na hujui lako limepigwa mara ngapi kabla ya kupandishwa melini. Ukimpata fundi mwenye kipima unene wa rangi, kile kifaa kidogo kinachogusishwa kwenye bati na kutoa namba, mwombe apime boneti, paa na kila mlango. Jumla ya matabaka yote ikisoma kati ya mikroni 100 na 140, una nafasi ya kutosha. Ikiwa mahali fulani pamesoma 70, pale pasiguswe kwa mashine. Na palipopita 200 pana uwezekano mkubwa kwamba paliwahi kupulizwa upya. Kifaa kikikosekana, hesabu kwamba akiba yako ni ndogo, ufanye kazi nyepesi kadiri iwezekanavyo.

Kipimo kingine unacho kidoleni. Pitisha ukucha polepole kuukata mkwaruzo. Ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo ni wa juu na polishi inauweza. Ukikwama, uache.

Kabla ya kuiondoa mikwaruzo, tuutafute mkono unaoileta, kwa sababu nimeona watu wakilipa fedha nyingi kung'arisha gari Ijumaa na kulikabidhi Jumatatu kwa mkono ule ule uliolichuna. Huandiki gari lako linafutwaje, lakini nitakisia: asubuhi linakutwa na vumbi, na wewe au kijana wa pale nje mnalipangusa kwa kitambaa kikavu kwa mizunguko. Hapo ndipo. Chembe ya mchanga wa kwatzi hukwaruza kioo, sembuse vanishi ambayo ni laini kuliko kioo. Kifute kilichobeba chembe kumi ni kucha kumi. Chukua kitambaa unachotumia sasa, kikung'ute juu ya karatasi nyeupe mbele ya dirisha, uinamishe karatasi hiyo juani: utaona vijiwe vinavyometameta, vingine vidogo kuliko punje ya chumvi, na kila kimoja kimeshalitembelea boneti lako lote.

Kwa hiyo gari lenye vumbi lisifutwe kavu hata siku moja, ama lioshwe ama liachwe na vumbi lake. Liloweshe kwanza kwa maji mengi yatiririke na kuchukua yanayoweza kuchukuliwa bila kuguswa. Kisha uwe na ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu, na kila baada ya kuosha sehemu moja suuza glavu ya maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba sana, katika ndoo ya maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye sabuni. Ukimaliza gari utazame mchanga uliotuama chini ya ndoo hiyo, kwani wote ungekuwa umesuguliwa kwenye milango. Anza paani ushuke, na sehemu za chini karibu na magurudumu ziwe za mwisho, kwa glavu yake ya peke yake. Osha kwa mistari iliyonyooka. Sabuni ya unga ya kufulia iache iwe ya nguo, kwa kuwa huondoa nta yote, na punje zisizoyeyuka ni msasa. Nyumba nyingi za Mombasa zinatumia maji ya kisima yenye chumvi na chokaa, nayo yakikauka juu ya rangi nyeusi huacha madoa, basi ukiweza kukinga maji ya mvua, kama majumba ya Mji wa Kale yalivyokuwa yakiyaweka katika mabirika, yatumie kwa suuza ya mwisho. Kausha kwa taulo kubwa la maikrofaiba, ukilitandaza na kulivuta polepole bila kukandamiza.

Ukishakuwa na hakika kwamba unaosha hivyo, ndipo kazi ya kuondoa ianze. Ifanye mwezi wa Novemba, usiisogeze hadi wiki ya harusi ambapo nyumba itakuwa imejaa wageni na mawazo yako yapo kwingine. Anza mara baada ya swala ya alfajiri, gari likiwa kivulini na bati likiwa baridi kiganjani, kwa kuwa boneti jeusi likishashika jua la Mombasa polishi hukauka kabla haijafanya kazi. Kivuli chenyewe kiwe cha ukuta au banda. Mwarobaini na mwembe hudondosha utomvu na maua, na utapata kazi ya pili.

Gari likiwa limeoshwa, vaa mkononi karatasi laini ya nailoni ya kufungia mkate, upapase boneti. Vidole vitahisi vijipele ambavyo kiganja kitupu hakikuvihisi: ni vumbi la breki, vumbi la saruji, chumvi iliyogandamana, vyote vimeng'ang'ania. Vijipele hivi hutolewa kwa udongo maalumu unaouzwa na wenye maduka ya vipodozi vya magari, unaokandwa ukalainika na kutelezeshwa kwa wepesi juu ya bati lililoloweshwa maji ya shampuu. Ukiukanda tena utaona umechafuka. Geuza upande safi, na ukidondoka chini kipande hicho kitupe, usikihurumie. Hatua hii usiiruke, maana uchafu uliobaki utakokotwa na polishi.

Kisha chagua mahali pamoja pa kujaribia, kama sentimita 40 kwa 40 katikati ya boneti, na uzungushie utepe wa karatasi. Chukua polishi ya daraja laini kabisa, si kompaundi ya kukata, yaani ile kali inayotoa vanishi nyingi. Weka kwenye sponji ya kupakia matone matatu yenye ukubwa wa kunde, usambaze, kisha usugue kwa mistari ya kwenda na kurudi, halafu mistari ya kuikata ile ya kwanza, kwa nguvu ambayo ungetumia kufuta miwani yako. Mwanzo polishi ni nyeupe kama tui zito. Dakika mbili tatu baadaye inakuwa utando mwembamba unaokaribia kuonyesha rangi iliyo chini yake, na hapo ndipo pa kusimama. Futa kwa maikrofaiba safi. Nyunyiza spiriti ya dukani iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa nne, ufute tena, kwa kuwa polishi yenyewe ina mafuta na mafuta, tumeshayaona, huficha. Sasa washa tochi ya simu yako, uishike juu ya sehemu hiyo na uitazame kwa pembeni. Upande wa ndani ya utepe na upande wa nje vitakuambia ukweli wenyewe.

Ikiwa nusu ya nyuzi zimekwenda, rudia mara moja zaidi. Ikiwa karibu zote zipo, ndipo uchukue polishi ya daraja linalofuata, na daraja moja tu. Ukiona kitambaa cheupe kinageuka cheusi, simama papo hapo, kwa maana hapo huna vanishi juu, ama haikuwekwa tangu mwanzo ama imekwisha, na unachokisugua ni rangi yenyewe.

Kwa mikono inawezekana, ila sitakuficha kwamba ni kazi ya jasho: boneti pekee itakuchukua zaidi ya saa moja, na utapata ahueni kubwa pasipo ukamilifu. Wengine hufanya boneti, paa na buti kwa mikono na kuridhika, kwa kuwa ndizo sehemu zinazolitazama jua. Ukitaka gari zima, tafuta fundi mwenye mashine ambayo pedi yake huzunguka na wakati huo huo hutikisika kwa mzunguko wa pili. Mashine hiyo haikusanyi joto mahali pamoja kwa urahisi. Ile ya zamani inayozunguka tu ina nguvu na ina hatari, na mkononi mwa asiyeijua huunguza vanishi kwa sekunde chache. Nasema hivyo kwa uchungu wa kweli. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi, katika gereji nisiyoitaja, niliachiwa mashine hiyo na gari jeusi la mteja, na nikaipitisha juu ya ukingo wa boneti bila kuufunika kwa utepe. Rangi kwenye kingo huwa nyembamba, na pedi hukandamiza zaidi pale bati linapopinda. Palitokea doa la kijivu, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho: ilikuwa praima. Boneti zima lilipulizwa upya kwa doa hilo, na mteja hakulipata tena gari alilolileta. Tangu siku hiyo hakuna ukingo ninaoukaribia kabla ya kuubandika utepe, na ninamwomba kila mwenye gari asimame pale amwone fundi wake akifanya hivyo.

Rangi ikishanyooka, ipake nta au kinga ya gari, tabaka jembamba, ifutwe ikikauka. Ile nta ngumu ya karnauba hutoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazil wa jamii ya minazi, na juu ya rangi nyeusi huleta kina cha kupendeza, lakini kwa jua letu haidumu sana, kwa hiyo irudie kila baada ya miezi miwili hivi. Nta haizuii mchanga kukwaruza, ila hupunguza uchafu kung'ang'ania na kukurahisishia uoshaji.

Dawa ya meno nayo ina chembe za kusugua, na ndiyo maana huonekana kufaa, lakini imetengenezwa kwa ajili ya meno, ambayo ni magumu kuliko vanishi. Huchubua mahali pamoja, ikaacha ukungu pembeni. Iwekeni bafuni.

Na mzee wangu, jambo moja zaidi kuhusu kiasi. Mchovya asali hachovyi mara moja, na mtu akiona sehemu ya kwanza imerudi kuwa nyeusi kama kisima usiku, mkono humwasha kuendelea hadi uzi wa mwisho. Achana na uzi wa mwisho. Ukiondoa robo tatu ya mikwaruzo, hakuna mgeni wa harusi atakayeiona iliyobaki, na vanishi utakayoibakisha utaihitaji miaka mitano ijayo.

Swali

Mhariri, nililipeleka gari langu jeusi kwa waosha magari fulani wanaopiga polishi kwa mashine. Lilirudi zuri mno. Baada ya wiki tatu na kuoshwa mara mbili, mikwaruzo yote ikarudi, na juu yake sasa usiku chini ya taa za barabarani naona mawimbi marefu kama alama za ufagio. Nimeibiwa? – Dada wa Changamwe

Jibu

Dada yangu, huenda umeuziwa kifuniko kwa bei ya tiba, ingawa sitamhukumu mtu ambaye sikuwapo alipofanya kazi. Zipo polishi zenye mafuta na vijazio ambavyo huingia katika mkwaruzo na kukaa humo, kwa njia ile ile ya maji na mafuta ya nazi niliyoieleza hapo juu, na shampuu mbili tatu huvitoa. Si haramu kuzitumia, na kwa gari ambalo vanishi yake imekwisha mimi mwenyewe nazishauri, bali mteja aambiwe. Dawa ni moja: kabla ya kulipa, mwombe fundi afute sehemu moja kwa spiriti iliyochanganywa na maji mbele ya macho yako, kisha mulike tochi. Fundi anayeiamini kazi yake hatakataa.

Mawimbi ni jambo jingine, na ndilo linalonisikitisha zaidi. Hayo ni alama za mashine inayozunguka tu, iliyotumiwa na pedi chafu au pedi ngumu ya manyoya kisha kazi ikaachwa bila kumaliziwa. Huondoka kwa polishi laini, pedi laini ya sponji na mashine ya mizunguko miwili, kwa kupita mara moja taratibu, sentimita 2 au 3 kwa sekunde. Lakini kumbuka kwamba vanishi imeshatolewa mara moja na sasa itatolewa tena. Pima unene kwanza.

Swali

Bwana Mhariri, ndani ya feri ya Likoni mkokoteni uliokuwa ukipita pembeni uliuparuza mlango wangu wa nyuma. Ni mstari wa kiganja kimoja, mweupe, na ukucha unakwama. Polishi haikusaidia. – Mama wa Likoni

Jibu

Pole sana, mama. Polishi haingesaidia, na ufurahi kwamba uliacha mapema. Ukucha unapokwama mkwaruzo umekaribia kuimaliza vanishi au umeshaivuka, na kuushusha uso wote mpaka ufikie chini yake ni kuutafuta msiba. Umwagie maji. Mstari ukififia kabisa, bado umo ndani ya vanishi, na unaweza kuzungusha kingo zake kwa polishi laini ili usiwake sana juani, ukaishi nao. Ukibaki mweupe au wa kijivu hata ukilowa, praima imeonekana, na inabidi kujazwa rangi.

Weusi nao hauko wa aina moja. Tafuta kibandiko au kibati chenye namba ya rangi, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kwa magari ya Toyota, kwa mfano, 202 ni weusi mtupu usio na chembechembe za kumeta. Nunua kichupa cha namba hiyo, osha mkwaruzo kwa spiriti, ujaze kwa ncha ya kijiti cha meno tone kwa tone, ukiacha kila tabaka likauke, kisha vanishi juu yake. Kujazwa kukiinuka kidogo kuliko pembeni si kosa, ndivyo inavyotakiwa. Baada ya wiki kadhaa fundi hupasawazisha mahali hapo kwa msasa wa maji wa namba 2000 au 3000 na kumalizia kwa polishi. (Msasa, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mti ambao majani yake makavu yalitumiwa na mafundi seremala wetu kulainishia mbao, na mtu aliyewahi kuupitisha mkono kwenye jani lake haulizi kwa nini kazi hii haifanywi kwa pupa.)

Ukiona bati lenyewe linang'aa chini ya mkwaruzo, usingoje. Kwa hewa hii ya chumvi kutu huanza ndani ya siku chache. Hata rangi isipolingana sawasawa, pafunike wiki hii.

Swali

Kunguru wa Nyali wamelifanya gari langu jeusi choo, na kinyunyizia maji cha bustani kimeliachia madoa meupe ya duara. Nimenunua turubai la kulifunika, lakini sasa naona mikwaruzo imezidi. Nifanyeje? – Msomaji wa Nyali

Jibu

Kinyesi cha ndege kikikaa juu ya bati la moto, vanishi iliyolainika kwa jua hushikana nacho, na jioni bati linapopoa hujikunja na kubaki na umbo lake. Kwa hiyo kitoe siku ile ile, wala usikikwangue: tandika juu yake kitambaa cha maikrofaiba kilicholowa, kiache dakika kumi, kisha ukinyanyue pamoja na kilichonata. Chupa ya maji na kitambaa viwemo ndani ya gari. Shimo likishachimbika, polishi laini hupunguza kingo zake, na mara nyingine ndiyo kikomo.

Madoa meupe ni chokaa ya maji ya kisima. Changanya siki nyeupe na maji sawa kwa sawa, upake bati likiwa baridi, ungoje dakika moja mbili, usuuze kwa maji mengi, kisha upake nta kwa kuwa siki itakuwa imeipunguza. Na hicho kinyunyizia kigeuze upande.

Kuhusu turubai, kosa si lake. Likivikwa juu ya gari lenye vumbi na upepo wa kusi ukalipiga usiku kucha, hufanya kazi ile ile ya kitambaa kikavu kwenye gari zima kwa mara moja. Livike juu ya gari lililooshwa na kukauka tu, lifunge kamba chini lisipepee, lifue lenyewe kwa zamu, na ikiwa unatoka na kurudi mara tatu kwa siku, liuze ujenge banda.